Kwa Nini Aliyelipa Ndiye Huteseka: Historia Fupi ya Makufuli ya Gemu, Kutoka Thika Road

Kila nikiandika kuhusu gemu za kompyuta, lazima mtu aje na hii: "Wakenya hawapendi kulipia gemu, wanataka vya bure." Mara nyingi anayesema hivyo ni msee wa huku huku Ruiru ama Thika, na anaisema kama ni tabia tuliyozaliwa nayo. Mimi hiyo stori imenichosha. Leo tuangalie historia, kwa sababu historia inasema kitu kingine. Kwa zaidi ya miaka 20 kampuni za gemu zimejenga makufuli ya kuzuia nakala haramu, na mtu ambaye makufuli hayo yamemsumbua zaidi ni yule aliyelipa. Huku kwetu alisumbuka mara mbili.

Tuanze na diski. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 gemu zilikuja kwa CD, baadaye DVD, na makufuli yaliyotamba yalikuwa SafeDisc na SecuROM. Kazi yao si ngumu kuelewa. Hata kama umeshaweka gemu yote ndani ya kompyuta, haifunguki mpaka diski orijino iwe ndani pia. Programu inatafuta alama fulani kwenye diski ambazo mashine ya kawaida ya kunakili haiwezi kuziiga vizuri.

Sasa chukua hiyo diski uilete Thika. Kompyuta nyingi za mtaani zilikuwa ex-UK: zilishafanya kazi miaka kadhaa kwa ofisi ya mtu huko Uingereza kabla ya kupakiwa kwa kontena zije Mombasa. Sehemu ya kusoma diski imeshachoka. Ongeza vumbi letu jekundu, ongeza diski kupita mikono ya mabeshte kumi. Siku moja inakwaruzika kidogo tu, na kompyuta inakwambia uweke diski sahihi, na diski sahihi iko ndani. Kaka yangu mkubwa alicheza enzi hizo, na anaapa kuna diski alikuwa anazipangusa na fulana mara tano ndio zikubali. Wakati huo duka la movie pale steji lilikuwa na nakala ya gemu hiyo hiyo, imeshavunjwa kufuli, kwa bei ya chapati chache. Hiyo haikuuliza diski. Ilifunguka tu.

Na ubaya wa SafeDisc haukuishia hapo. Iliweka faili linaloitwa secdrv.sys ndani kabisa ya Windows, mahali ambapo programu inakuwa na nguvu karibu sawa na mfumo wenyewe. Ukiweka kitu hapo kikiwa na kasoro, hakiangushi gemu peke yake, kinaangusha kompyuta nzima, na pia ni mlango kwa mtu mbaya. Mwaka 2015 Microsoft ikasema basi. Windows 10 ilitoka bila kukubali SafeDisc, na Septemba mwaka huo sasisho la usalama likaizima hata kwa Windows 7 na 8. Maana yake ni kwamba mtu aliyetunza diski yake orijino kwa miaka kumi akabaki na kipande cha plastiki. Mwenye nakala ya duka la movie hakuhisi chochote.

Hatua ya pili ilikuwa kuhesabu mashine. BioShock ilitoka Agosti 2007 na SecuROM iliyoruhusu uiweke mara mbili tu. Watu walipiga kelele na idadi ikapandishwa hadi tano. Mwaka uliofuata, Septemba 2008, EA ikatoa Spore: mara tatu tu, halafu baada ya makelele ikawa tano. Wazo lao lilikuwa kwamba mtu wa kawaida ana kompyuta moja, anainunua mpya, na anakaa nayo bila kuigusa.

Huku kwetu nani anaishi hivyo? Huku kuformat kompyuta ni kama kuosha gari. Flashi imetoka saibaa na virusi, unaenda kwa fundi, anaweka Windows upya. RAM imekufa, fundi anatoa nyingine kwa mashine iliyolala kona ya duka. Diski kuu inalia kama panya, inabadilishwa. Kufuli linaweza kuona kila mabadiliko kama mtu mpya anayejaribu kuiba. Mtu wa Ruiru angeweza kumaliza nafasi zake tatu bila kuhamisha gemu hata mara moja kutoka mezani pake. Na Spore yenyewe? Ilikuwa kati ya gemu zilizopakuliwa kiharamu zaidi mwaka huo. Kufuli lilimkamata mwenye risiti, mwizi akapita pembeni.

Halafu ikaja intaneti. Hapa tarehe zinauma. Kabla ya 2009, Kenya ilitegemea satelaiti kwa intaneti, ghali na polepole. Nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa katikati ya 2009. Machi 2010, hata mwaka haujaisha, Ubisoft ikatoa Assassin's Creed II ya kompyuta na sharti jipya: lazima uwe umeunganishwa na seva zao muda wote unaocheza, hata kama unacheza peke yako. Mtandao ukikatika, gemu inasimama. Sisi tulikuwa bado tunahesabu megabaiti kwa modemu ya USB.

Na hata huko kwenye mtandao mzuri mambo yaliharibika. Wikendi hiyo hiyo ya kwanza seva za Ubisoft zilishambuliwa, na watu wa Ulaya waliolipa pesa kamili wakafungiwa nje. Mei 2012 ikawa zamu ya Diablo III, ile ya "Error 37". Machi 2013 SimCity ya EA ikaanguka siku ya kuzaliwa, na ilichukua mwaka mzima kabla EA kukubali ichezwe bila mtandao.

Kuna sehemu ya historia hii ambayo wengi huku waliiona bila kujua. GTA IV ya kompyuta, ya 2008, ikigundua nakala haramu haikukataa kufunguka. Ilifanya kamera iyumbe kama dereva amelewa, na gari likakimbia bila kukutii. Batman: Arkham Asylum ya 2009 ilimwacha Batman ashindwe kupaa na koti lake, kwa hivyo unakwama mapema. Watengenezaji walicheka. Lakini nimeskia wasee kadhaa hapa Thika wakisema mpaka leo kwamba GTA IV ilikuwa gemu mbovu, "kamera yake inazunguka ovyo." Hawakujua lilikuwa kufuli. Ukijificha ndani ya hitilafu, usishangae watu wakisema kazi yako ina hitilafu.

Na waliolipia GTA IV walipata zawadi yao pia. Iliungwa na huduma ya Microsoft, Games for Windows Live, na huduma hiyo ilipokufa, nambari za kufungulia gemu zikaisha. Januari 2020 ikatolewa dukani Steam. Ilirudi Machi bila ule upande wa kucheza na wengine mtandaoni.

Siku hizi jina ni Denuvo, kampuni ya Salzburg, Austria. Gemu ya kwanza kutoka nayo ilikuwa FIFA 15, Septemba 2014. Hii haitafuti diski. Inapima kompyuta yako, inaomba kibali kutoka kwa seva, halafu inaendelea kukagua ukicheza. Watu hubishana sana kama inapunguza kasi, na ukweli ni kwamba inategemea mtengenezaji ameiweka wapi. Lakini kuna kesi ambayo haina ubishi. Resident Evil Village ilitoka Mei 2021, na toleo lililolipiwa lilikuwa linakwamakwama ukipiga adui. Nakala iliyovunjwa ilipotoka Julai, ilienda laini. Capcom ikatoa rekebisho mwezi huo huo. Soma hiyo tena polepole: ilibidi wezi watengeneze vizuri kwanza ndio wanunuzi watengenezewe. Novemba mwaka huo anwani moja ya mtandaoni ya Denuvo ikaisha muda bila kulipiwa, na gemu kadhaa za watu waliolipa zikagoma kufunguka kwa saa kadhaa.

Sisi tunaokaa huku tunaelewa hiyo haraka kuliko mtu yeyote. Mwaka jana nilinunua gemu ya mchezaji mmoja, hadithi tu, haina mambo ya mtandao. Stima ikapotea mtaani kwetu jioni nzima. Laptopu ina chaji, ruta imezima, bando zimeisha. Nafungua gemu, inaniambia niunganishe mtandao ili inithibitishe. Sitataja kampuni. Jirani yangu alikuwa na gemu hiyo hiyo aliyopewa kwa flashi, na usiku huo aliicheza mpaka betri ikaisha.

Sasa usinisome vibaya. Sisemi kuiba ni sawa. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inakataza nakala haramu, na inakataza pia kuvunja kufuli lenyewe. Na nakala za kuvunjwa ndizo zimejaza kompyuta za watu virusi. Tena wapo Wakenya wanaotengeneza gemu. Nairobi X ya Black Division Games ilitoka 2015, na mtu akinakili kazi kama hiyo, anaumiza mtu anayelipa kodi ya nyumba hapa hapa.

Ninachosema ni kwamba tabia haielezi hii historia. Gabe Newell wa Valve, kampuni ya Steam, alisema 2011 kwamba uharamia karibu kila mara ni tatizo la huduma, si bei. Nakubali nusu. Huku bei pia ni tatizo: gemu ya dola 60, dola ikiwa karibu shilingi 129, ni zaidi ya 7,700. Kuna bedsita hapa Ruiru za bei hiyo kwa mwezi. Lakini nusu ya huduma ni kweli kabisa. Kwa miaka mingi hata ukiwa na pesa hukuwa na njia, kwa sababu maduka yalitaka kadi ya benki na sisi tulikuwa na M-Pesa. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa na Visa ilikuja Juni 2022. Tangu hapo mabeshte wangu ambao hawajawahi kulipia gemu maishani wananunua, wakingoja punguzo la bei, gemu ya 400 hapa, ya 600 pale. Tabia haikubadilika. Mlango ulifunguliwa.

Na kuna kampuni zilizojaribu njia nyingine. CD Projekt ya Poland ilitoa The Witcher 2 Mei 2011, na siku chache baadaye ikaondoa SecuROM kwa kila aliyenunua diski. Ilisema yenyewe kwamba gemu sasa inakimbia vizuri zaidi. Duka lililokuwa lao, GOG, linauza gemu bila kufuli tangu 2008. Hawajafa njaa.

Kwa hivyo ukitaka kununua, uliza mambo matatu kwanza. Inafunguka bila mtandao? Ina Denuvo ama kufuli lingine? Kurasa za Steam huandika hiyo pembeni, isome. Na unaweza kurudishiwa pesa? Tangu Juni 2015 Steam hurudisha ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili. Ikikwamakwama saa ya kwanza, usivumilie, rudisha. Hiyo ndiyo kura yako.

Kipengele cha 46 cha Katiba yetu kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari za kutosha kuzitumia vizuri. Hakuna mahali pameandikwa "isipokuwa gemu." Ubisoft ilizima seva za The Crew Machi 2024 na aliyelipia akabaki bila kitu. Huko Ulaya zaidi ya watu milioni moja wametia sahihi kutaka hiyo ikome. California imeweka sheria, kuanzia Januari 2025, kwamba duka lazima likuambie wazi unaponunua ruhusa tu na si gemu yenyewe. Sisi hatujaanza hata kuuliza, kwa sababu bado tunaambiana kwamba shida ni Wakenya kupenda vya bure.

Mtu akikuambia hivyo tena, muulize aliyelipia Spore 2008, aliyelipia SimCity 2013 na aliyelipia The Crew walipata nini. Halafu mwambie sisi tuko tayari kulipa. Tunataka tu kilicholipiwa kifunguke.