Handeni–Korogwe: umbali wa anga na muda wa safari

Handeni na Korogwe ni miji miwili ya Mkoa wa Tanga, kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Kwa mstari mnyoofu iko umbali wa takribani kilomita 57, sawa na maili 35, au maili 31 za baharini, ambazo ndizo marubani huzihesabu. Anayetoka Handeni huelekea kaskazini-mashariki, akiziacha nyanda za Uzigua na kuteremkia bonde la mto Pangani, ambao pia huitwa Ruvu.

Ndege ndogo ya Cessna Caravan, iliyozoeleka kwenye viwanja vya udongo vya Afrika Mashariki, huenda karibu kilomita 340 kwa saa. Kwa mwendo huo, umbali huu ni wa dakika 10; ukijumlisha kupaa na kujipanga kutua, ni dakika 15 hadi 20. Jeti ya kilomita 800 kwa saa ingetumia dakika 4 na ushei, lakini hiyo ni hesabu ya karatasini tu, kwa kuwa kilomita 57 hazitoshi jeti kupanda hadi kimo chake cha safari na kushuka tena.

Kinachohitaji uangalifu angani ni milima. Korogwe uko kwenye kimo cha mita 300 hivi, karibu na mlango wa bonde la Lwengera linalotenganisha Usambara Magharibi na Usambara Mashariki, na vilele vya Magharibi hupita mita 2,200. Masika mawingu huifunika milima hiyo. Anayetoka Handeni ana nafuu: huja kutoka kusini-magharibi, juu ya nchi iliyo wazi, na milima humkalia mbele bila kumzibia njia.

Hata hivyo, hakuna ndege ya abiria yenye ratiba kati ya miji hii. Uwanja wa karibu wenye safari za namna hiyo ni wa Tanga, ulio takribani kilomita 68 kutoka Korogwe na 120 kutoka Handeni, zote kwa mstari mnyoofu. Basi anayetaka kupanda ndege hulazimika kwanza kusafiri nchi kavu mwendo unaozidi ule unaoitenga miji yenyewe. Reli nayo haikuiunganisha miji hii: njia iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, ikafuata bonde kuelekea Mombo na Moshi, ikaiacha Handeni kando.

Kwa hiyo kipimo chenye maana kwa wakazi ni barabara ya lami ya kilomita 65. Inazidi mstari wa angani kwa kilomita 8 tu, unyoofu unaostahili sifa katika mkoa huu. Jirani tu, kutoka Mombo kupanda Lushoto, barabara ina zaidi ya kilomita 30 ilhali mstari mnyoofu haufiki 15. Kabla ya lami, mvua ndiyo iliyoamua nani afike na lini, na mgonjwa na gunia la mahindi vilisubiri pamoja. Leo basi linaloshika mwendo wa kilomita 80 kwa saa unaoruhusiwa, na kupunguza hadi 50 vijijini, humfikisha abiria kwa saa moja na dakika chache, likisimama njiani kupakia na kushusha.