Baraza, Rais na Bunduki: Fundisho la Uganda, 1979–1980

Katika darasa la itikadi tuliloliendesha Nainokanoka, Ngorongoro, ndugu mmoja ambaye babu yake alikwenda vitani alituuliza swali zito: "Wazee wetu walimng'oa nduli Idi Amin. Mbona baada ya ushindi viongozi wa Uganda waliangushana wao kwa wao?" Swali hili haliwezi kujibiwa kwa nderemo. Linajibiwa kwa historia.

Amin alinyakua madaraka tarehe 25 Januari, 1971. Mnamo Oktoba 1978 majeshi yake yalivamia Kagera. Vita vilivyofuata vilikuwa vya nchi mbili, lakini vilikuwa pia vita vya wananchi wa Uganda wenyewe kwa wenyewe. Pamoja na majeshi yetu walipigana wakimbizi wa Uganda waliokuwa na vikosi vyao: Kikosi Maalum cha Tito Okello na David Oyite-Ojok, na FRONASA ya Yoweri Museveni. Adui wao alikuwa mmoja; shabaha zao hazikuwa moja.

Mwezi Machi 1979 vikundi hivyo vilikutana Moshi na kuunda umoja wao, UNLF. Vyombo vitatu vilizaliwa hapo: Kamati ya Utendaji chini ya Yusuf Lule, Baraza la Mashauriano la Taifa chini ya Edward Rugumayo, na Kamisheni ya Kijeshi chini ya Paulo Muwanga. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili, na siku mbili baadaye Lule aliapishwa kuwa Rais.

Hapo ndipo mgongano ulipojitokeza. Lule alishikilia kwamba Katiba ya mwaka 1967 ilimpa Rais uwezo wa kuteua mawaziri. Baraza lilishikilia kwamba, kwa makubaliano ya Moshi, uteuzi huo ulihitaji idhini yake. Kila upande ulikuwa na karatasi yake mkononi. Mwezi Juni Lule alibadilisha mawaziri bila kulishauri Baraza, nalo likamwondoa tarehe 20 Juni, 1979, akiwa ametawala kwa siku 68 tu. Wakazi wa Kampala waliandamana kumtetea. Baraza likamweka Godfrey Binaisa, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Je, Baraza lilikuwa limeshinda? La. Mwezi Mei 1980 Binaisa alijaribu kumwondoa Oyite-Ojok katika cheo cha Mnadhimu Mkuu wa jeshi. Kamisheni ya Kijeshi ikampindua Binaisa, na safari hii Baraza halikuulizwa neno. Chombo cha tatu kilichozaliwa Moshi kikawa kimewameza ndugu zake wawili.

Ugomvi wa namna hii hautokei Afrika peke yake. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861–1865, Bunge la Marekani lilimshitaki Rais Andrew Johnson mwaka 1868, baada ya kumfukuza Waziri wa Vita, Edwin Stanton. Johnson aliponea kwa kura moja. Chanzo kilikuwa kilekile: nani ateue, nani aachishe. Lakini pale jeshi halikuamua, zilihesabiwa kura. Hata hivyo tusiusifu mfumo ule kupita kiasi, kwani haki za Weusi waliotoka utumwani zilikuja kukanyagwa kwa miaka mingi.

Tunajifunza nini? Kwanza, mafahali wawili hawakai zizi moja, na sheria kuu mbili hazikai dola moja. Moshi waliafikiana juu ya adui, wakaacha swali la madaraka likiwa wazi. Pili, Rais na Baraza wote hawakuwa wamechaguliwa na umma. Wazee wa Nainokanoka wanaijua tofauti hiyo. Laigwanani husema kwa niaba ya rika lake, na akikiuka kauli ya kikao, rika lipo nyuma ya kikao kumrudi. Nyuma ya Baraza la Kampala hapakuwa na rika. Tatu, jeshi lilikuwa la vikundi, kwa hiyo kila aliyegusa cheo cha kamanda aligusa kikundi chenye bunduki.

Nne, tujikosoe wenyewe. Mkutano ulifanyika kwetu. Majeshi yetu yalikuwa Kampala. Na Lule alipoondolewa aliletwa Dar es Salaam. Wananchi wengi wa Uganda waliona mkono wetu katika jambo lile. Kada mkweli halifichi jambo hili. Nia njema ya mkombozi haiwezi kuwa badala ya ridhaa ya waliokombolewa.

Gharama yake ililipwa na umma. Uchaguzi wa Desemba 1980, ulioendeshwa chini ya Kamisheni, ulimrudisha Milton Obote, na matokeo yake yakapingwa. Februari 1981 Museveni aliingia msituni. Mwaka huohuo Lule aliungana naye. Vita viliendelea hadi Kampala ilipotwaliwa tena Januari 1986.

Tumjibu basi ndugu yetu. Babu yako hakupigana bure: nduli aliondoka. Lakini bunduki humwondoa dhalimu tu. Haiamui nani amwajibishe nani kesho yake. Kazi hiyo ni ya kikao halali, chenye kanuni moja na umma nyuma yake. Isipofanywa mapema, bunduki hurudi kuifanya.