Amarwa, Pombe na Moshi: Vileo vya Karagwe katika Tafsiri

Mfasiri akutanapo na jina la kileo katika kitabu cha kale, mara nyingi huandika "pombe" na kuendelea na kazi yake. Jambo hili laonekana dogo. Lakini katika historia ya Karagwe, nchi ambayo kiini chake leo kimo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, neno hilo moja limefunika vitu mbalimbali, na limefunika pia habari ya nani alikunywa nini. Makala haya yanakusudia kuvitenganisha.

Kinywaji cha asili cha Wanyambo ni amarwa. Jirani zao Wahaya hukiita orubisi, na Kiswahili cha Kagera kimekwisha kulipokea jina hilo kwa umbo la rubisi. Hutengenezwa kwa ndizi za namna maalumu ziitwazo embiire. Ndizi huvundikwa mpaka ziive, zikamenywa, kisha zikakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi katika chombo cha mti kilichochongwa mfano wa mtumbwi. Maji yake huchujwa, yakatiwa unga wa mtama uliokaangwa, yakafunikwa. Kabla ya kuchacha ni kinywaji kitamu ambacho hata mtoto hupewa. Baada ya siku moja au mbili ni kileo, nacho hunywewa katika kibuyu, mara nyingi kwa mrija.

Wasafiri John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Omukama Rumanika Novemba 1861. Speke aliondoka Januari 1862. Grant, aliyekuwa akiugua mguu, alibaki hadi Aprili. Katika kitabu chake cha mwaka 1863, Speke alitumia mno neno pombe, alilolizoea katika misafara. Grant, katika kitabu cha mwaka 1864, alikiita kinywaji cha ndizi kwa jina la Kiingereza la mvinyo, kwa kuwa kimetokana na tunda. Hakuna jina kati ya hayo mawili linalotosha. Mvinyo wa Ulaya hautiwi nafaka. Na pwani watu wamezoea kutofautisha tembo la mnazi na pombe ya nafaka. Amarwa ni tunda na nafaka kwa pamoja.

Kosa la jina huzaa kosa la historia. Grant anaeleza kwamba Rumanika aliishi zaidi kwa maziwa, hakugusa kinywaji cha ndizi ila kwa nadra, na hakupata kuonekana amelewa, ilhali watu wa kawaida walikipenda sana. Wake wa ikulu nao walinenepeshwa kwa maziwa. Basi katika Karagwe ya wakati ule, kinywaji kilitenga ikulu ya wafugaji na vibanda vya wakulima. Hakikutenga askari na raia, kwa sababu wapiganaji wa dola za Maziwa Makuu walikuwa kwa sehemu kubwa wakulima na wafugaji walioitwa vita vilipotokea, nao walikunywa kile kilichonywewa makwao. Mfasiri anayeandika "pombe ya askari" katika habari za miaka hiyo anabuni tabaka ambalo halikuwapo.

Askari wa kambi na sare walikuja baadaye. Mwaka 1889 Hermann Wissmann aliandikisha Wasudani mjini Cairo kwa ajili ya jeshi la Wajerumani, na Novemba 1890 Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani Bukoba. Mwaka huohuo wa 1890, Mkataba wa Brussels uliwekea vizuizi biashara ya vileo vikali katika Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Mkataba huo ulihusu vileo vilivyokenekwa, yaani vilivyochemshwa na mvuke wake ukakusanywa, amarwa haikuwamo. Katika Uganda, ukenekaji ulihusishwa sana na Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani, hata Waingereza wakakiita kileo hicho jini ya Wanubi. Jina waragi nalo huhusishwa na neno la Kiarabu araki. Katika Kagera, kileo cha ndizi kilichokenekwa huitwa enkonyagi, jina ambalo laelekea kutokana na Cognac, mji wa Ufaransa. Majina haya yanaonyesha njia za askari na wafanyabiashara. Amarwa ni jina la nyumbani.

Tofauti hii si ya wanahistoria peke yao. Mwaka 1966 Tanzania ilitunga sheria ya kusimamia utengenezaji na ukenekaji wa moshi. Sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, lakini neno la Kiswahili moshi likaachwa mumo humo, kwa kuwa wananchi walijua hasa ni kitu gani. Sasa tumfikirie mama wa kijijini anayeeleza mahakamani kwamba chombo chake kilikuwa na amarwa. Mkalimani akisema "pombe", amesema pungufu. Akisema "moshi", amemtia mama yule katika kosa la jinai ambalo hakulitenda.

Kwa hiyo tunapendekeza utaratibu huu. Neno kileo litumike kwa vyote. Pombe itumike kwa kilichochachishwa tu, na kila inapowezekana jina lake mahsusi litajwe: rubisi, kama tunavyosema mbege, ulanzi na wanzuki bila kutafuta tafsiri. Moshi ibaki kwa kilichokenekwa bila kibali. Mvinyo iachiwe zabibu na matunda yasiyotiwa nafaka. Maneno hayo tunayo tayari. Kazi iliyobaki ni kulitumia kila moja mahali pake.