Jiwe la Juu ya Lango

Ukifika Fort Jesus pale Mombasa, usikimbilie mizinga kupiga selfi. Simama langoni kwanza, inua kichwa. Juu ya mlango kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno, la mwaka 1635. Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira anajisifu hapo: ameijenga ngome upya, ameitiisha pwani iliyoasi chini ya mfalme dhalimu.

Huyo dhalimu ni Yusuf bin Hasan. Alikuwa bado mtoto mwaka 1614, babake Sultan Hasan alipogombana na Wareno, akakimbilia bara, akauawa huko kwa hila zao. Kichwa chake kikapelekwa Goa, India. Baadaye mtoto naye akapelekwa Goa hiyohiyo, akasomeshwa na mapadri, akabatizwa Dom Jerónimo. Hebu fikiria: unalelewa na watu walioletewa kichwa cha babako.

Mwaka 1626 akarudi Mvita, mfalme wa jina tu. Tarehe 16 Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarudia Uislamu na jina lake la kwanza. Hakuwa malaika, tusidanganyane. Waliuawa Wareno, wanawake na watoto wakiwemo, na hata Waswahili waliobatizwa. Meli zikaja kutoka Goa mwaka 1632 kumng'oa, zikashindwa. Miezi michache baadaye akaondoka mwenyewe, akawa haramia wa baharini hadi alipofia Jeddah mwaka 1638.

Yaani Wareno waliikuta ngome tupu! Cabreira hakumshinda Yusuf hata kidogo. Ila jiwe ni lake, na sisi tunapita chini yake kila siku.

Ukitoka hapo ukashika Ndia Kuu, zile roshani na milango ya nakshi tunayoipenda kwenye picha, nyingi zilijengwa Wareno wakiwa washaondoka zamani. Walichotuachia zaidi kiko mdomoni. Meza ni neno lao. Leso, ile anayojifunga nyanya, pia. Na gereza? Kwao lilikuwa *igreja*, kanisa, kama lile waliloliweka ndani ya ngome. Wenyeji wakaiita ngome yote gereza. Kisha wakaja Waingereza, wakaifanya jela ya kweli, kuanzia 1895 hadi 1958.