Mita haihesabu miaka

Hongera, umenunua. Pikipiki ya spoti, mkono wa pili, imetoka Japani, plastiki zake zinang'aa, na muuzaji amekuonyesha mita kwa kidole: kilomita 9,000 tu. "Hii haijatembea kabisa, kaka." Umeamini, na pengine hata hakudanganya. Shida ni kwamba mita inajua jambo moja tu, gurudumu limezunguka mara ngapi. Miaka kumi ya kusimama chini ya turubai haimo humo.

Mwenzangu wa maabara alinunua ya namna hiyo hiyo. Tairi hazikuwa vipara, mifereji yake ilikuwa bado mirefu kabisa. Wiki ya pili mvua ikanyesha, akaingia kipilefti kwa mwendo wa mtu anayekimbia, nyuma ikatoka, akavunjika mtulinga. Fundi aliyekuja kuichukua pikipiki hakuuliza habari za mwendo. Alichuchumaa, akafuta matope ubavuni mwa tairi, akasoma namba nne: 3809. "Tairi hii imezaliwa Septemba 2009, mdogo wangu. Ulitaka ishike nini?"

Zile namba ni wiki na mwaka: wiki ya 38, mwaka 2009. Zako ziko mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT, pembeni mwa tairi, na kabla hujaendelea kusoma ningekuomba utoke nje ukazitazame. Mbele na nyuma, maana mara nyingi hazikununuliwa siku moja. Kama pembeni huku hakuna namba, zungukia upande wa pili.

Umerudi? Haya. Tuanze na kwa nini tairi inazeeka hata ikiwa imesimama.

Mpira asilia ni utomvu wa mmea. Kwenye joto unanata kama ulimbo, kwenye baridi kali unakakamaa na kupasuka, kwa hiyo mwanzoni mwa karne ya 19 ulikuwa bidhaa ya kuwatia watu hasara. Mmoja wa waliotiwa hasara ni Charles Goodyear, Mmarekani aliyeishi na madeni na aliyewahi kufungwa kwa ajili yake. Mwaka 1839 aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa kisha ukapashwa moto unabaki mnyumbufu na haunati tena. Kikemia ni hivi: molekuli za mpira ni nyuzi ndefu zinazoteleza moja juu ya nyingine, na salfa inazishona pamoja kwa madaraja madogo. Madaraja machache, unapata mpira wa tairi. Mengi mno, unapata kitu kigumu kama kifungo cha koti.

Sasa, ushonaji ule haukomi siku tairi inapotoka kiwandani. Joto, oksijeni na ozoni ya hewani vinaendelea taratibu, huku vikishona zaidi, kule vikikata nyuzi zenyewe. Mpira unakakamaa, na mpira uliokakamaa haubonyei kuingia kwenye chembechembe za lami. Kule kuingia ndiko sehemu kubwa ya mshiko, hasa barabara ikiwa imelowa. Viwanda vinajua hili, ndiyo maana vinachanganya nta na kemikali za kinga ndani ya mpira. Lakini kinga hiyo husukumwa juu vizuri tairi inapokunjika na kukunjuka barabarani. Tairi iliyopaki haikunjiki. Kwa hiyo lile neno tamu la muuzaji, "haijatembea", kwa tairi ni habari mbaya.

Hewa ndani ya mpira ilikuja baadaye. Robert William Thomson, Mskoti, alisajili hataza ya tairi ya upepo mwaka 1845, lakini hapakuwa na baiskeli wala gari la kuihitaji, ikasahaulika. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, daktari wa mifugo aliyeitwa John Boyd Dunlop, akaibuni upya Belfast kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Mwaka uliofuata mwendesha baiskeli Willie Hume alishinda mashindano mjini humo akiwa na tairi hizo, na dunia nzima ikataka mpira. Hataza ya Dunlop yenyewe ilikuja kubatilishwa, kwa sababu ya ile ya Thomson. Haikusaidia kitu, hitaji lilikuwa limeshazaliwa.

Hapa naomba tutoke barabarani kidogo, kwa sababu hitaji lile lilitua kwetu. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa anamiliki Dola Huru ya Kongo tangu 1885, kama mali yake binafsi, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 mradi huo ulikuwa karibu kumfilisi. Tairi ndiyo iliyomwokoa. Msituni kulikuwa na mitoro, mimea itambaayo yenye utomvu wa mpira, na wanavijiji walipangiwa kiasi cha kuleta. Wake zao waliwekwa rehani mpaka mpira ufike. Waliopungukiwa waliuawa, na askari walikata mikono ya watu kama ushahidi kwamba risasi hazikupotea. Mwaka 1904 mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja, Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Picha kama hizo, pamoja na kampeni ya E. D. Morel, zilichangia kumlazimisha Leopold kuiachia nchi hiyo mwaka 1908. Wajerumani nao walipanda mashamba ya mpira Tanga na Usambara, yakaanguka bei ya dunia ilipoporomoka mwaka 1913 kwa sababu ya mpira wa mashamba ya Asia. Sisemi haya ili uone aibu kupanda pikipiki. Ila mtu anaposema tairi ni kamtaji kadogo tu, kabadilishe baadaye, mimi huwa nakumbuka bei yake ya kwanza ililipwa wapi.

Na ile tarehe? Wamarekani waliilazimisha kuanzia miaka ya 1970, kusudi tairi mbovu ziweze kurudishwa kiwandani. Mwanzoni ilikuwa namba tatu, na 389 ingeweza kuwa 1979 au 1989. Kuanzia mwaka 2000 zikawa nne. Kama yako ina namba tatu, hiyo peleka ukatengenezee bembea ya watoto. Wenye viwanda wengi wanashauri tairi ikaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano, na itolewe ikifika kumi hata kama inaonekana mpya. Kwa pikipiki inayolala kwenye kona, mimi nisingesubiri kumi.

Ukishamaliza tairi, njoo kwenye kikopo kidogo kilichopo karibu na mkono wa breki. Kichungulie. Mafuta ya breki mapya yana rangi ya chai ya mchaichai. Yakiwa kama kahawa, yamekaa sana.

Wazo la kusukuma breki kwa kimiminika badala ya waya lilipata hataza mwaka 1917, mikononi mwa Mmarekani Malcolm Loughead, wa ukoo ule ule uliobadilisha maandishi ya jina ukawa Lockheed wa ndege. Kimiminika hakibanwi, kwa hiyo kidole chako kikisukuma huku, pedi inasukumwa kule papo hapo. Mwanzoni walitumia mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa na spiriti. Magari yalizoea haraka, pikipiki zilichelewa sana. Ni Honda CB750 ya mwaka 1969 iliyowazoesha watu wa kawaida diski ya haidroliki kwenye gurudumu la mbele. Na ilihitajika kweli, maana injini zilikuwa zimeshaanza kukimbia kuliko breki za ngoma zilivyoweza kuzuia.

Lakini mafuta ya breki ya leo, yale ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, yana tabia moja: yanavuta maji kutoka hewani. Maji yanapenya polepole kupitia mipira ya mabomba na mifuniko, usiku na mchana, pikipiki ikitembea au isitembee. Viwango vyenyewe vinakiri hivyo, ndiyo maana kila aina ina namba mbili za kuchemka. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzijoto 230 za Selsiasi. Ikishabeba maji asilimia 3.7, kiwango kinashuka hadi 155. Sasa jifikirie unateremka Kitonga nyuma ya lori, umeshika breki kwa dakika kadhaa, diski inaunguza. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama puto. Unavuta mkono wa breki, unafika mpaka kwenye usukani, na hakuna kinachotokea. Kwa mtu anayeishi Dar, Mombasa au Unguja, ambako hewa yenyewe ni nusu maji, miaka miwili ndiyo mwisho wa kuyaacha mafuta hayo. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana ikakaa stoo ni ya kumwaga pia. Na usichanganye na DOT 5 tupu, ile ni silikoni, haipatani na wenzake, 5.1 ndiyo ndugu wa 4. Aliyewapa majina hayo hakututakia mema.

Cheni nitaipitia haraka. Hans Renold, Mswisi aliyehamia Manchester, aliunda mwaka 1880 cheni ya roli ambayo kimsingi ndiyo unayoitumia leo. Miaka ya 1970 ikaongezewa viringi vya mpira vinavyofungia grisi ndani ya kila kiungo. Kwa hiyo grisi unayopaka nje inazuia kutu tu na kulainisha sproketi. Ile ya maana imo ndani, na brashi ya waya inakata vile viringi. Tumia mafuta ya taa na brashi laini. Na tafadhali mwambie fundi wa boda asikukazie cheni "iwe kama gitaa". Pikipiki ikibonyea, kuna mahali sproketi ya mbele, egemeo la mkono wa nyuma na ekseli vinanyooka mstari mmoja. Hapo ndipo cheni inavutika kuliko popote. Cheni iliyokazwa ikiwa pikipiki imesimama tupu, ukikaa wewe na abiria inaanza kula beringi za giaboksi. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye stika ya mkono wa nyuma.

Kilichobaki ni kitu ambacho hakikuzeeka, ila kiliwekwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Mwaka 1985 Suzuki ilianza kuuza GSX-R750, pikipiki yenye namba za barabarani iliyojengwa kama ya mashindano, takriban kilo 176 bila vimiminika na nguvu za farasi 100. Washindani walifuata, Honda na CBR900RR ya 1992, Yamaha na R1 ya 1998. Pamoja na wepesi, familia hii ilirithi kutoka mashindanoni skrubu na nati za kurekebishia shokapu. Shokapu za mbele zenye mafuta ndani zilikuwepo kwenye pikipiki za kiwandani tangu BMW R12 ya 1935. Kipya kilikuwa kwamba sasa mnunuzi wa kawaida alipewa spana ya kuzirekebisha. Aliyekutangulia huenda alizirekebisha. Huenda alikuwa na kilo 95, huenda alikimbia kwenye saketi laini kama kioo. Wewe una kilo 62 na mtaa wenu una matuta manne yasiyopakwa rangi.

Springi ikiwa imekazwa sana, gurudumu haliwezi kushuka kwenye shimo, linapita juu yake likiwa hewani, na tairi iliyo hewani haishiki kitu. Ikiwa imelegea, ukifunga breki mbele inazama mpaka mwisho, na tuta linalofuata unalipokea kwa mifupa. Kwa hiyo uzito wako peke yake unatakiwa kula sehemu fulani ya mwendo wa shokapu. Kwenye shokapu ya milimita 120, kati ya 30 na 40 panafaa kwa barabara.

Kupima kunahitaji watu watatu na futikamba. Mmoja anyanyue mbele mpaka gurudumu liache ardhi, mpime urefu wa sehemu inayoteleza. Kisha ukae juu, umevaa kila kitu utakachovaa safarini, miguu kwenye vikanyagio, mmoja akushikilie na mwingine apime tena. Bonyeza ukiachia polepole upime, nyanyua ukiachia polepole upime, chukua wastani, kwa sababu mipira ya shokapu ina msuguano inayokudanganya kila upande. Toa wastani kwenye kipimo cha kwanza. Kama ni 50, kaza nati ya springi. Kama ni 15, legeza. Nyuma hivyo hivyo, kutoka ekseli hadi alama yoyote iliyo juu yake.

Mwenzangu amepona na amerudi barabarani. Kabandika kipande cha gundi ya karatasi chini ya siti, kaandika kwa kalamu ya maabara: mbele 34, nyuma 32, mafuta ya breki Machi 2025, tairi 1124.