Askofu Ugenini: Ndingi Mwana a'Nzeki kutoka Machakos hadi Nakuru

Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki alizaliwa Mwala, Ukambani, mwaka 1931, akapadrishwa mwaka 1961. Tarehe 1 Agosti 1969 Papa Paulo VI alimweka wakfu kuwa askofu mjini Kampala. Alikabidhiwa Jimbo la Machakos, lililoundwa mwaka huohuo na kuenea kusini hadi Kibwezi, kando ya reli ya Mombasa. Mwaka 1971 alihamishiwa Nakuru na kukaa huko miaka 25. Mwaka 1996 aliteuliwa askofu mkuu mwandamizi wa Nairobi, akashika nafasi ya Kadinali Maurice Otunga mwaka 1997, akastaafu mwaka 2007 na kufariki mwaka 2020.

Mpangilio huu wa maisha una fumbo. Machakos alikuwa miongoni mwa watu wa lugha na damu yake. Hata jina lake, lenye maana ya mwana wa Nzeki, lilimtambulisha kwa ukoo kabla hajafungua kinywa. Hata hivyo, sauti iliyomjengea jina ilisikika Nakuru, alikokuwa Mkamba katika jimbo lisilo la Wakamba.

Jibu la kawaida ni kwamba Ndingi alikuwa jasiri kwa hulka. Wasifu wake ulioandikwa na Waithaka Waihenya na Ndikaru wa Teresia, uliotoka mwaka 2009, unatanguliza sauti hiyo tangu jina la kitabu. Kwamba alikuwa jasiri si jambo la kubishaniwa. Lakini hulka peke yake haielezi kwa nini maneno ya mtu mmoja yaaminiwe na watu waliokwisha kuacha kuaminiana. Makala hii inashikilia kwamba ugeni wake Nakuru, ukikomazwa na ukaazi wa muda mrefu, ndio uliompa ujasiri huo mahali pa kusimama.

Ushahidi mzito unatoka katika mapigano ya kikabila yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 1991, nchi ilipokuwa ikirejea kwenye siasa ya vyama vingi. Mwaka 1992 moto huo uliingia Molo na Olenguruone, ndani ya jimbo lake. Nyumba zilichomwa, familia zikafukuzwa mashambani, na viwanja vya makanisa vikageuka makimbilio. Jimbo la Nakuru wakati huo lilijumuisha pia Kericho, iliyopewa jimbo lake mwaka 1995. Kwa hiyo waliofukuzwa, wengi wao Wakikuyu, na jamii za Wakalenjin zilizotajwa kuwa upande wa pili, walikuwa kondoo wa mchungaji mmoja. Ndingi alisema hadharani kwamba serikali ilikuwa ikishindwa kuwalinda raia wake.

Uzito wa kauli hiyo haukuwa katika maneno tu. Katika Bonde la Ufa la miaka hiyo, swali la kwanza kuhusu msemaji yeyote lilikuwa: huyu ni wa nani? Askofu Mkikuyu angeambiwa anatetea mashamba ya watu wake. Askofu Mkalenjin angeonwa na jamaa zake kuwa msaliti, nao waliofukuzwa wangemtilia shaka. Ndingi hakuwa na shamba la ukoo Molo wala mjomba Kericho. Waliotaka kumnyamazisha walilazimika kumjibu kwa hoja au kumtisha. Kumfunga kwenye kabila mojawapo lililopigana hawakuweza.

Hali hii ina mfano wa kale. Hugh wa Lincoln alizaliwa Avalon, katika Ufaransa ya leo, akaitwa Uingereza na Mfalme Henry II kuongoza watawa wa Witham, akawa askofu wa Lincoln mwaka 1186. Mwaka 1190 Wayahudi waliposhambuliwa katika miji ya Uingereza, yeye aliwakabili wenye ghasia na kuwakinga waliowindwa. Mwaka 1197 alikataa kumtolea Mfalme Richard askari wa kupigana ng'ambo. Karne nane zinawatenganisha maaskofu hawa, na mazingira yao hayalingani. Kinacholingana ni nafasi yao: kila mmoja alikuwa na mamlaka kamili mahali ambapo hakuwa na ukoo wa kuulinda.

Pingamizi kubwa linatoka Eldoret. Askofu Alexander Muge wa Kanisa la Anglikana alikuwa Mnandi aliyehudumu kwao, na aliikosoa serikali bila kuuma maneno hadi alipofariki katika ajali ya barabarani Agosti 1990. Basi mwenyeji naye husema. Lakini Muge alifariki kabla ya mapigano. Aliwakabili watawala, hakuwahi kuitwa kusimama kati ya majirani wawili wenye mishale na mapanga, na hapo ndipo ukoo humwelemea mwenyeji.

Pingamizi la pili linatoka Kibwezi, katika eneo la jimbo lake la kwanza. Wamisionari wa Kiskoti walifungua kituo huko mwaka 1891; malaria ikawaandama, na mwaka 1898 kazi ikahamishiwa Kikuyu. Nao walikuwa wageni, na ugeni wao haukuwapa Kibwezi mtetezi. Hoja hii inarekebisha dai bila kulivunja: ugeni huzaa matunda ukiambatana na kukaa. Mwaka 1992 Ndingi alikuwa na miaka 21 Nakuru, amewabariki na kuwazika watu wa pande zote.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huenda Machakos ilipungukiwa kwa kumpoteza askofu wake wa kwanza baada ya miaka miwili tu, na hasara hiyo iliifikia Kibwezi pia. Lakini uhamisho wa mwaka 1971 uliipa Nakuru shahidi ambaye hakuna upande ungeweza kumwita wake. Kwa kipimo hicho, ulikuwa miongoni mwa uteuzi wenye manufaa makubwa zaidi katika historia ya Kanisa nchini Kenya.