Wazee wa Lundo

Ndugu wenzangu, tunaposimulia ukombozi wa Msumbiji huwataja makamanda na vijana waliokwenda vitani. Safari hii napenda tuwakumbuke wazee waliokimbilia kwetu, wakaanza maisha upya hali mvi zimekwisha wajaa kichwani.

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na vita vikaanza 25 Septemba 1964. Kisasi cha Wareno kiliangukia vijiji. Watu wa mwambao wa Niassa wakatoroka, wengine kwa mitumbwi wakiambaa ufuko kuelekea kaskazini, wengine kwa miguu. Serikali yetu, Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa, pamoja na TCRS ya Walutheri iliyoanzishwa 1964, waliwapatia makao. Huku ziwani makao hayo yalikuwa Lundo, upande wa Liuli, katika wilaya ambayo tangu 2012 imemegwa kutoka Mbinga na kuitwa Nyasa.

Je, huku kulikuwa ugenini? Mzee wa miaka 60 mwaka 1965 alizaliwa kama 1905, wakati mpaka umekwisha chorwa na Wajerumani na Wareno. Lakini lugha yake ilisikilizana na Kinyasa cha Liuli. Kama alikuwa Mwanglikana, basi meli ya misheni, Chauncy Maples, iliyoshushwa majini 1901, ilihudumia mwambao wa kwao na wa kwetu, na Padre Johnson, aliyefariki Liuli 1928, alihubiri pande zote mbili.

Hata hivyo, kusikilizana ni jambo moja na kufyeka pori ni jambo jingine. Vijana walikuwa na kambi na shule za FRELIMO. Mzee alikuwa na jembe, mbegu, na posho ya kumfikisha kwenye mavuno. Muhogo nao hauna haraka. Zaidi ya hayo, mtu aliyezoea kuwagawia wageni ardhi kijijini kwake, sasa yeye ndiye aliyepanga foleni kugawiwa. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa zito kuliko jembe lenyewe.

Mapatano ya Lusaka yalitiwa sahihi 7 Septemba 1974, na Msumbiji ikapata uhuru 25 Juni 1975. Wengi walirudi kwao kwa shangwe, na ilistahili. Ila aliyekuja na miaka 60 sasa alikuwa na 70, na mashamba aliyoyaacha yalikuwa yamekwisha kuwa pori. Akaanza tena, mara ya pili. Mwaka 1977 vita vingine vikazuka huko, vikaendelea hadi 1992. Waliokuwa wangali hai waliviona navyo.

Wengine hawakurudi, kwa kuwa walikwisha zikwa huku. Nawaomba wenzetu wa Lundo, Liuli na Mbamba Bay wanaoyajua makaburi hayo waandike habari zake kwa ajili ya toleo lijalo, maana waliochimba wanazidi kupungua.